Siku ya Mfereji Nyumbani kwa Bibi

Sebuleni kwetu mjini, mtaa wa Makanyagio, kulikuwa na kalenda ya Kichina iliyogoma kusonga mbele. Mwaka uliisha, mwingine ukaingia, kalenda ikabaki mwezi wa sita, kwa sababu mama alimkataza kila mtu kuifunua. Picha ya mwezi huo ilikuwa ya kijiji kimoja cha huko China ambacho mahali pa barabara pamepita maji. Nyumba zimepangana kushoto na kulia, madaraja ya mawe yamepinda mgongo, na mwanamke mmoja amechuchumaa kwenye ngazi za mlango wake anaosha mboga. Kila Jumamosi mama aliipangusa vumbi kwa pindo la khanga, na kila akiipangusa alisema neno lilelile.

"Hapa ni kama kwetu kabisa."

Baba alikuwa Msukuma, mtoto wa wafugaji walioshuka na ng'ombe wao kutoka kaskazini, na wakati huo alikuwa karani wa mizigo stesheni. Hakuwa mtu wa kuacha utani umpite. "Kwenu China?" aliuliza. "Kumbe nilioa mbali hivyo! Ndiyo maana ukweni sifiki." Majirani wakaidaka hiyo, na muda si mrefu mama akawa anaitwa Mama China mpaka bombani.

Na bombani ndipo penyewe palipotufanya tusimwamini. Sisi tulikuwa watu wa kuamka alfajiri kupanga foleni ya ndoo, na nimewahi kuona wanawake wawili wazima wakivutana nywele kwa ajili ya dumu moja. Sasa mtu anakwambia kwamba kwao, Mpimbwe, mfereji unapita mbele ya jiko, unaosha vyombo umekaa kizingitini, na bata wa jirani wanakuja kwako kwa maji kama wageni. Kaka yangu alikuwa na miaka kumi na mitatu na alinyamaza kwa adabu. Mdogo wetu aliamini kila kitu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mdomo wa mtu wa miaka arobaini, na nilimwambia mama kwamba maji ya namna hiyo yapo kwenye karatasi tu.

Sikujua kwamba chini ya hadithi zile mama alikuwa na hofu. Alinieleza siku moja tukichambua mchele, wala sikuwa nimemuuliza. Kule kwao mfereji ni wa wote, lakini kila mtu mzima ana kipande chake cha kuusafisha, mwanamume au mwanamke. Mara moja kwa mwaka, mwisho wa kiangazi, maji yanafungwa huko juu mlimani na kila mtu anaingia kwenye kipande chake kutoa matope. Asiye na kipande mferejini ni mgeni, hata kama kitovu chake kimezikwa hapo. Na kipande kisipochimbwa misimu mitatu, kinapewa mtu mwingine.

"Mimi nina miaka kumi na miwili sijagusa changu," alisema. Tangu alipompeleka kaka yangu, akiwa mchanga, kuonyeshwa kwa bibi, hakurudi tena. Watoto walifuatana, safari ilikuwa ya kupita hifadhini kwa malori ya kuomba, na kila mara kulikuwa na sababu. Alituma salamu kwa madereva. Majibu ya bibi yalirudi yakiwa neno moja: "Mwambieni nimesikia." Mama alilipima neno hilo kila upande na hakulipata utamu wake. Aliamini bibi amekasirika na kipande kimeshakwenda.

Kwa hiyo baba alipopata likizo, na dereva mmoja rafiki yake akasema Jumamosi anaifuata shehena ya mpunga huko Mpimbwe na atarudi jioni hiyohiyo, mama hakulala siku mbili. Alisuka nywele, akafumua, akasuka upya. Baba alipiga pasi suti yake ya Kaunda ya kijivu, akanunua doti ya khanga kwa ajili ya mkwewe, na akatuonya kwamba huko tunakokwenda yeye ni mkwe, hivyo tusimshangae akianza kuwa na adabu.

Tuliondoka gizagiza. Sitalike tuliona viboko wamelundikana mtoni, na hifadhini mbung'o walitung'ata kupitia nguo. Mdogo wangu alilia, kaka akamhesabia twiga. Mama alikuwa amekaa juu ya turubai ameshika kikapu, midomo ikitembea bila sauti, nadhani akipanga maneno ya kumwambia mama yake. Dereva alishatutangazia mapema: saa kumi jioni anaondoka, awe amepakia au hajapakia, kwa sababu yeye na tembo hawajawahi kuelewana gizani.

Tulifika jua likiwa limepanda. Lori lilisimama penye maghala, tukashuka, tukamfuata mama aliyekuwa anakwenda kwa hatua za msichana. Nyumba zilikuwa zimepangana kweli, kushoto na kulia. Katikati yake kulikuwa na mfereji kweli, na magogo ya kuvukia. Na ndani ya mfereji hakukuwa na maji hata ya kunawa uso. Kulikuwa na matope meusi, vyura waliokata tamaa, na watu. Kijiji kizima kilikuwa humo ndani, kimeinama, na majembe.

Tulikuwa tumefika siku ileile ya kusafisha.

Mama alisimama ameshika kiuno. Hapo ndipo mdomo wangu ulipofanya kazi yake. "Mama," nikasema, kwa sauti ya kusikika, "haya ndiyo maji yenyewe?"

Nimefanya makosa mengi maishani, na kwa mengi nimejisamehe. Hilo bado linanichoma. Mama alikuwa anaangalia mbele zaidi, kwenye jiko moja la makuti lililoinamia mfereji, na nikaelewa kwamba hapo ndipo kwao, na kwamba mbele ya jiko lile ndipo kilipokuwa kipande chake. Kilikuwa kimeshachimbwa. Kingo zilikatwa vizuri, matope yamelundikwa upande mmoja, na aliyekichimba hayupo.

"Kimekwenda," alisema polepole, na akavua viatu.

Bibi tulimkuta kipande kinachofuata, amezama mpaka magotini, khanga moja kaifunga kiunoni na nyingine mabegani, mwembamba kama mpini wa jembe lake. Aliinua kichwa, akatutazama mmoja mmoja. Mama alipiga magoti palepale ukingoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bibi akatema mate pembeni, akajifuta paji la uso kwa nyuma ya mkono. "Nyie mnakuja siku ya mfereji mmevaa viatu?"

Yale maneno yote ya juu ya turubai yakaishia hapo. Mama alibaki amepiga magoti, na bibi akageukia sisi. Alimwita kaka yangu mume wake, akamuuliza mbona amechelewa hivyo kuja kumwoa. Mimi aliniita mke mwenzie, akasema ananiona nina mdomo na kwamba hatagombana nami leo kwa sababu ana kazi. Kisha akamwona baba amesimama nyuma ya mgomba, kajificha kama mkwe anavyotakiwa, suti ya Kaunda ikimeremeta kati ya majani. Alijifunika uso kwa khanga haraka. Kwao na kwa Wasukuma pia, mama mkwe na mkwe hawatazamani wala hawasogeleani, wanazungumza kupitia mtu.

"Mwambie baba yako," aliniambia kutoka ndani ya khanga, "siku ya mfereji hakuna anayepita na miguu mikavu."

Sikupata nafasi ya kufikisha ujumbe. Wanawake watatu walishampaka baba matope toka kola mpaka kwenye pindo, kwa vigelegele, na mmoja akamwendea dereva wa lori aliyekuja kuulizia wapagazi. Dereva alilalamika kwamba yeye ni mpita njia. Akaambiwa wapita njia nao wana miguu. Wapagazi wote walikuwa mferejini, na hakuna gunia ambalo lingebebwa kabla kazi haijakwisha. Sheria ya mahali hapo ilikuwa rahisi: kipande kimoja kikibaki kichafu, maji hayafunguliwi kwa mtu yeyote. Dereva alitazama saa yake, akatazama jua, akaomba jembe.

Msimamizi wa mfereji alikuwa kijana mrefu mwenye filimbi shingoni, aliyehamia kutoka kitongoji kingine na kupewa kazi hiyo juzijuzi. Hakumjua mama. Alitupanga haraka bila ubaya wowote. "Wageni kule chini, kipande cha wageni."

Mama alikuwa ameshaingia mferejini upande wa bibi. Nilimwona akisimama na jembe mkononi. Angeweza kusema, mimi si mgeni. Badala yake alipita mbele ya jiko la kwao, mbele ya kipande kile kisafi, akaenda chini kwenye cha wageni pamoja nasi, akaanza kulima matope kana kwamba yamemkosea. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa michafu. Wanawake waliomjua utotoni walimsalimia kwa kelele kutoka vipande vyao, wakamuuliza mbona kanenepa, naye akawajibu akicheka. Alijua kuchanganya vitu hivyo viwili.

Baada ya hapo, lazima niseme ukweli, ikawa siku tamu kuliko zote za utoto wangu. Nani alishawahi kuambiwa na wakubwa ajipake matope? Kwenye vidimbwi vilivyobaki kulikuwa na kambale, na watoto wa hapo walitufundisha kuwashika kwa kuwapapasa tumboni. Kaka alishika wawili. Mdogo wangu alishika chura na akakataa katakata kuambiwa si samaki. Mchana ulikuja na masufuria ya wali mpya wa mpunga wa hapohapo na mchuzi wa wale wale kambale, tukala kwenye ukingo miguu ikining'inia, na dereva akaongezewa mara tatu. Alianza kusema kwamba tembo nao ni viumbe wa Mungu.

Ajali ilitokea mchana huohuo. Baba, mtoto wa wafugaji, hakuwahi kutoa matope ya mfereji maishani mwake. Alilima akirudi nyuma, kama mtu anayeburuta ndama asiyetaka kwenda. Bibi naye kipande chake kilikuwa kimekwisha, akawa anashuka na karai la matope ya mwisho, naye akirudi kinyumenyume ili asimwage. Hakuna aliyemwona mwenzake. Mimi niliwaona wote wawili, na nilikuwa na muda wa kutosha wa kupiga kelele, lakini nilikuwa nimeziba mdomo kwa mikono miwili kwa raha ya kitu kilichokuwa kinakuja.

Walikutana matako kwa matako. Karai likaruka. Mkwe akaanguka kifudifudi, mama mkwe akakaa chini ndani ya tope, akavuta khanga kichwani akaishikilia kwa nguvu kama mvua inanyesha. Baba alitoka mferejini kwa mikono na magoti, akakimbia, akajificha tena nyuma ya mgomba wake. Kijiji kizima kilipiga yowe. Kulikuwa na mama mmoja aliyelazimika kulala ukingoni kwa kucheka.

Kwao jambo kama hilo halipiti hivihivi, hupozwa kwa zawadi, na mkwe asipotoa watu hawali kwa amani. Nikatumwa kwenye kikapu. Nilimpelekea bibi ile doti ya khanga mpya.

"Muulize baba yako," alisema, "hii khanga alikuwa ananiletea, au ananipoza?"

Nikaenda mgombani. "Mwambie bibi yako," baba alinong'ona, matope yakimdondoka kwenye ndevu, "yote mawili, na asamehe."

"Mwambie nimesikia," alisema bibi. Na safari hii nilikuwa nimesimama mbele yake, nikaona uso uliotoa neno hilo. Alikuwa anacheka mpaka anatikisika. Nilimtazama mama kule chini ili nijue kama ameona, lakini alikuwa amegeuza mgongo.

Kivuli cha mapaa kilipofika katikati ya mfereji, filimbi ililia. Watu wote walisimama, kila mtu ndani ya kipande chake, toka juu karibu na mlima mpaka chini mashambani. Msimamizi alitembea ukingoni akiita majina kufuata vipande. Alikuwa ameyakariri kama sala. Kila jina likiitwa, mwenyewe anajibu "Kimekwisha!", naye anasonga. Jibu likikosekana, anasimama hapo mpaka lipatikane, na kijiji kizima kinakuzomea. Dereva alikuwa ameshakwenda kuwasha lori. Tulisikia honi ya kwanza.

Akaja mpaka kwa bibi, akaliita jina lake.

"Kimekwisha," alijibu bibi, akiwa ameegemea jembe.

Msimamizi akapiga hatua chache, akafika mbele ya jiko la makuti, penye kile kipande kisafi ambacho hakikuwa na mtu. Akaita jina ambalo mimi sikuwahi kulisikia, la Kipimbwe, fupi, la mtoto.

"Kimekwisha," alijibu bibi tena. Hata kichwa hakuinua. Alijibu kwa mazoea, kama mtu anavyoitikia amina, na msimamizi akaendelea na safari yake.

Mama alikuwa karibu nami na karai mkononi. Likaanguka. Alipanda juu kupitia katikati ya mfereji, akiteleza, akishika kingo, akipita vipande vya watu, mpaka akasimama mbele ya bibi akihema.

"Mama. Hilo jina ni langu."

"Kwani la nani mwingine?" alisema bibi.

"Si nilidhani kimepewa mtu."

"Kitapewaje mtu na kinachimbwa kila mwaka?" Bibi alimkunjia uso, akishangaa kweli. "Nilianza nacho hiki alfajiri. Cha kwangu huwa nakichimba mwisho."

Mimi nilikuwa nimemfuata mama, nikasimama hapo na mdomo wangu, nikihesabu. Miaka kumi na miwili. Mwanamke mwembamba vile, kila mwisho wa kiangazi, kaingia kwenye tope mara mbili na kujibu mara mbili, na salamu zilipomfikia akasema amesikia, kwa sababu hakuona kingine cha kuongeza.

Mama alimgeukia msimamizi, ambaye alikuwa ameshafika mbali. "Wee kijana! Rudia!"

"Nirudie nini, mama?"

"Rudia jina langu!"

Watu waligeuka. Lori likapiga honi ya pili na hakuna aliyeijali. Msimamizi alirudi, akamtazama mama, akamtazama bibi, akakuna kichwa. Nadhani hapo ndipo alipoelewa amempeleka nani kwenye kipande cha wageni. Mama aliingia mbele ya jiko la kwao, akasimama katikati ya kipande chake, miguu ameitanua. Kijana akaliita jina kwa sauti kubwa kuliko yote ya siku ile.

"Nipo!" mama alipiga kelele.

Sivyo inavyojibiwa. Walimcheka huku na huku, wakamwambia mjini amesahau hata kuitikia, na wengine vigelegele vikawashinda wakavitoa. Naye akacheka, akalia, akasema tena kama inavyotakiwa, kimekwisha, kimekwisha.

Maji yalipofunguliwa tuliyasikia kabla ya kuyaona. Yalikuja na povu na majani makavu mbele yake, na watoto wa kijiji walikimbia kuyatangulia wakiyatukana na kuyaita, nasi tukakimbia nao, mdogo wangu na chura wake, kaka akimvuta mkono. Yalipita mbele ya kila mlango. Nilipogeuka mama alikuwa bado amesimama palepale, yakimpanda kwenye vifundo, kwenye muundi, na alikuwa haondoki.

Tulichelewa. Wapagazi walipakia magunia mbio mbio huku dereva akisali kwa sauti, na tulipopanda jua lilikuwa limeshakuwa jekundu. Suti ya baba ilikuwa imekauka na kusimama yenyewe. Bibi alikuja mpaka kwenye lori, khanga mpya mabegani. Alitupa kambale waliokaushwa, akamwambia kaka, yule mume wake, asome kwa bidii. Kisha akashika ubao wa lori, mahali mama alipoweka mkono.

"Mwakani uje na jembe lako," alimwambia. "Mimi nimechoka kuwa watu wawili."

Mama aliushika mkono ule wa bibi. Aliyejibu alikuwa baba, kutoka upande wa pili wa magunia, ameelekeza uso porini kama mkwe anayejiheshimu.

"Wanangu, mwambieni bibi yenu atakuja. Nitamleta mwenyewe."